Uzoefu wangu: kebo ya faiba yenye vichwa vya kiwandani kati ya majengo mawili

Nilitaka mtandao wa jengo la ofisi ufike kwenye karakana iliyo ng'ambo ya uwanja, nikanunua kebo ya faiba (nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga) ya modi moja, yaani yenye kiini chembamba ambamo mwanga hupita kwa njia moja tu, ya kutumika nje, yenye nyuzi nne na vichwa vya LC (aina ndogo ya kichwa cha faiba) vilivyofungwa kiwandani, pamoja na jozi ya vigeuzi vya kubadilisha mwanga kuwa ishara ya umeme. Sasa imetumika zaidi ya mwaka mmoja. Kebo yenyewe nimeridhika nayo; vigeuzi ni habari nyingine.

Ukitazama kwa macho, kuta za majengo hayo zimeachana kwa mita 60 hivi, na kwa umbali huo wengi wangechukua Cat6, kebo ya kawaida ya mtandao ya shaba, bila kusita. Lakini kebo hairuki hewani: inashuka kutoka kwenye kabati la swichi (kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao), inazunguka msingi, inafuata mtaro, kisha inapanda hadi darini upande wa pili, na nilipoipima njia hiyo kwa kamba nilipata mita 94. Ethaneti ya shaba inaishia mita 100 kwa jumla, na kwa kawaida 90 kati ya hizo ndizo za kebo iliyotulia, zilizobaki zikiwa za nyaya fupi za kuunganishia vifaa.

Hata kama njia ingekuwa fupi, bado ningechagua faiba. Kila jengo lina nondo yake ya ethi, na hakuna kinachohakikisha kwamba ardhi ya pande zote mbili ina volteji ileile. Radi inapopiga karibu, hata isipogusa jengo lolote, volteji ya ardhi ya upande mmoja huweza kupanda ghafla kuliko ya upande wa pili, na waya wa shaba uliounganisha swichi mbili huwa ndio njia ya tofauti hiyo kujisawazisha, ikipitia ndani ya vifaa. Transfoma ndogo zilizo kwenye matundu ya Ethaneti hujaribiwa kwa volti 1,500 tu, kinga ambayo mbele ya radi ni kama mwavuli wa karatasi. Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo hoja hiyo inakwisha hapo. Ndiyo maana nililikataa pia toleo lenye ganda la chuma, ingawa linazuia meno ya panya, kwa kuwa linarudisha chuma kilekile kati ya majengo na kudai lifungwe kwenye ethi ipasavyo. Nilichukua lenye nyuzi za aramidi (uzi imara usio wa chuma) na ganda jeusi linalostahimili jua, nikalipitisha ndani ya bomba la plastiki.

Kazi kubwa ilikuwa kuvuta. Vichwa hufika vikiwa vimepangwa kwa kupishana ndani ya mfuko mgumu wenye kitanzi, na kamba ya kuvutia hushika nyuzi za aramidi, si vichwa, jambo ambalo mtengenezaji amelifanya vizuri. Hata hivyo mfuko huo ni mnene kuliko kebo mara kadhaa, na maelezo ya bidhaa yanayosema bomba la milimita 25 linatosha yanafaa kwa njia iliyonyooka tu. Mimi nilitumia la milimita 40 lenye kona pana, na bado kona ya mwisho ilihitaji mtu wa kusukuma upande mmoja huku mwingine akivuta. Wakati wa kuvuta, kebo isikunjwe kwa nusu kipenyo kilicho chini ya mara 20 ya unene wake. Ikishatulia, mara 10 inatosha. Nimeacha kamba ya pili bombani kwa ajili ya siku zijazo.

Kwa kuwa haikatwi, huuzwa kwa urefu uliopangwa. Yangu ni ya mita 120, na ziada nimeizungusha kwa duara pana ukutani. Ziada hiyo haipunguzi chochote cha maana, maana kwenye mwanga wa nanomita 1310 upotevu ni chini ya desibeli nusu kwa kilomita nzima. Kinachodhuru ni vumbi, kwani kiini cha uzi kina mikromita 9 hivi, na punje moja inaweza kukiziba. Vifuniko visitolewe mpaka dakika ya kuchomeka, wala mtu asichungulie ncha ya uzi, kwa kuwa mwanga huo hauonekani. Kalamu ya kusafishia haimo kwenye kifurushi, nami naona ilipaswa kuwemo.

Vigeuzi vinapitisha gigabiti moja kama vilivyoahidi, ila adapta zake za umeme ni dhaifu, na moja ilishakufa. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba uzi ukichomolewa, taa ya upande wa shaba inaendelea kuwaka, hivyo swichi inaamini njia ni nzima na anayetafuta hitilafu anapotea. Vipo vigeuzi vinavyozima pande zote mbili kwa pamoja. Hivi havimo katika kundi hilo. Mwenye swichi zenye matundu ya SFP (ya kuchomekea moduli ndogo za faiba) anunue kebo peke yake na moduli mbili za modi moja zinazolingana, kisha uzi wa kutuma wa upande mmoja uishie kwenye tundu la kupokea la upande wa pili. Kebo naipa nyota tano, vigeuzi nyota mbili.