Magemu ya zamani ya kupumzikia: uzoefu wangu wa miezi minane na konsoli ya mkononi

Miezi minane sasa konsoli yangu ndogo ya mkononi inalala kando ya mto. Niliinunua kwa sababu moja tu: nilitaka kitu cha kushika kwa dakika kumi jioni, akili ikiwa imechoka, mahali ambapo ujumbe na habari za dunia nzima havinifikii. Ina kioo cha inchi 3.5 chenye pikseli (nukta za picha) 640 kwa 480, inaendesha emuleta, yaani programu zinazoiga mashine za zamani za magemu, kuanzia Game Boy hadi Super Nintendo, na inaingia mfukoni. Nitaongelea zaidi magemu kuliko kifaa, maana kifaa cha aina hii kinakuwa kizuri au kibaya kutokana na kile ulichoweka ndani.

Mwanzoni nilijaza kadi ya kumbukumbu hadi pomoni. Kila jioni nikawa napekua orodha ndefu, nafungua hili, nafunga, nafungua lile, na dakika zangu kumi zinakwisha sijacheza chochote. Baadaye nikafuta karibu vyote, nikabakiza magemu yasiyofika ishirini. Swali nililotumia kuyachuja lilikuwa hili: nikitaka kuondoka, gemu linaniachia vipi? Watu wengi hupendekeza gemu kwa jinsi linavyoanza, kwamba linaeleweka haraka na halina hadithi ndefu. Ni kweli hayo yanasaidia. Lakini yapo magemu unayoyaelewa kwa sekunde tano, halafu yanakuacha usiku wa manane moyo unakwenda mbio na vidole vimekakamaa.

Tetris, lile gemu la kupanga vipande vinavyodondoka hadi vijaze mstari na mstari ufutike, iko hivyo, na naipenda sana. Alexey Pajitnov aliibuni Moscow mwaka 1984, na toleo la Game Boy la mwaka 1989 ndilo lililowaingia wengi mikononi. Ukichagua A-Type, kila mistari kumi ukiifuta kasi inapanda, na hakuna mwisho isipokuwa kushindwa. Kwa hiyo kila nilipolala, nililala nimeshindwa. Ilinichukua wiki kadhaa kugundua kwamba dawa ya tatizo langu ilikuwa kwenye chaguo la pili ambalo nilikuwa nalipita tu: B-Type. Humo unapewa mistari 25. Ukiimaliza, umemaliza. Unachagua mwenyewe kasi na kiasi cha takataka zilizolundikana chini kabla hujaanza. Raundi moja ya kasi ya chini inanitosha kabisa, na muziki naunyamazisha au nauacha kwa sauti ndogo. Kasoro ya toleo hilo ni kwamba halihifadhi alama zako ukizima mashine. Kama alama unazijali, tafuta Tetris DX ya mwaka 1998: ina rangi, inahifadhi rekodi, na ina hali ya mistari 40 ambayo nayo ina mwisho unaoonekana.

Dr. Mario, ya mwaka 1990, imekaa vizuri zaidi kwa mtu aliyechoka. Chupa ina virusi vya rangi tatu, unadondosha vidonge vyenye rangi mbili, na ukipanga vinne vya rangi moja kwa mstari vinafutika. Ngazi ya 0 ina virusi vinne tu. Kila ngazi inaongeza vinne, hadi ngazi ya 20 yenye virusi 84. Uzuri wake uko hapo kwenye hesabu: ukitazama chupa unajua kazi iliyobaki ni kiasi gani. Hakuna kitu kipya kinachoingia kwa chini kukukimbiza. Unapunguza, unapunguza, hadi virusi vinakwisha. Mimi huweka kasi ya chini, nachagua muziki unaoitwa Chill, naanzia ngazi ya 5 au ya 6, nacheza chupa mbili, naweka chini. Nimefanya hivi karibu kila siku na sijachoka.

Jambo moja la kuangalia: chukua toleo la NES, mashine ya Nintendo ya kuunganisha na runinga. Lile la Game Boy halina rangi, virusi vinatofautishwa kwa weusi, weupe na kijivu, na kwenye kioo kidogo chumba kikiwa na giza macho yanaumia. Isitoshe, picha ya NES ina pikseli 256 kwa 240. Ukiizidisha mara mbili unapata 512 kwa 480, yaani inajaa kioo changu kuanzia juu hadi chini bila kubakisha hata mstari.

Nisimame kidogo kwenye hili la vioo, kwa sababu limenisaidia kuliko ushauri wowote wa kununua. Kwenye emuleta kuna mpangilio wa kukuza picha kwa namba nzima: mara mbili, mara tatu, bila nusunusu. Uwashe. Picha ya Game Boy ni 160 kwa 144. Mara tatu inakuwa 480 kwa 432 na inakaa safi, kila nukta mraba kamili. Game Boy Advance ndiyo yenye shida kwenye kioo cha aina yangu. Picha yake ni 240 kwa 160. Mara mbili inabaki ndogo katikati ya weusi, na mara tatu inazidi upana wa kioo. Ukiilazimisha ijae, baadhi ya nukta zinakuwa nene kuliko nyingine, na mandhari ikisogea maandishi yanachezacheza. Kwa gemu la kukimbia na kuruka unaweza usione. Kwa gemu la kutulia, unalolitazama kwa utulivu, kasoro ile inakera kila sekunde. Anayependa zaidi magemu ya Advance atafute konsoli yenye kioo cha uwiano wa 3 kwa 2.

Sasa nije kwenye gemu ambalo likipotea nitaumia kweli: Mario's Picross, ya Game Boy, mwaka 1995. Unapewa jedwali la miraba na namba pembeni. Namba zinakuambia kila mstari una miraba mingapi ya kuchonga na imepangwa kwa makundi gani. Ukimaliza, inatokea picha. Hakuna kinachodondoka wala kinachokufukuza. Unaweza kuweka kifaa chini katikati ya fumbo, ukanywa maji, ukarudi, na namba ziko palepale. Mafumbo yako 256. Madogo yanakwisha kwa dakika mbili tatu. Yale ya miraba 15 kwa 15 yamenichukua hadi nusu saa.

Ila lina saa. Unapewa dakika 30, na ukichonga mraba usio sahihi unakatwa dakika mbili, kosa la pili nne, na kuanzia la tatu nane nane. Siku za kwanza hilo lilinibana. Nikaja kuona kwamba dakika 30 ni nyingi kwa anayefikiri kabla ya kubonyeza, na adhabu inamuumiza anayebahatisha. Tangu niache kubahatisha, ile saa nimeisahau. Mwanzoni mwa fumbo pia unaulizwa kama unataka msaada, nao ni kufunguliwa mstari mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama. Uchukue bila aibu siku ambayo kichwa ni kizito.

Aliyelipenda hilo aendelee na Mario's Super Picross ya Super Famicom (jina la Super Nintendo huko Japani), pia ya 1995. Lilitoka Japani tu wakati huo na maandishi yake ni ya Kijapani, lakini namba ni namba, na menyu utazizoea kwa siku moja. Lina mafumbo 300, na upande wa Wario, mhusika hasimu wa Mario, ndio niliokuwa nautafuta bila kujua: hakuna kikomo cha muda, na hakuna anayekuambia umekosea. Ukikosea utagundua mwenyewe huko mbele, mistari ikigoma kukubaliana, na itabidi urudi nyuma kutafuta ulipoteleza. Wengine watasema hiyo ni adhabu kubwa zaidi. Kwangu ni heshima. Gemu linaniachia kazi yangu niifanye kwa mwendo wangu.

Tetris Attack ya Super Nintendo ilinichanganya. Ni ile Panel de Pon ya Japani iliyobadilishwa wahusika na jina mwaka 1996, na uchezaji wake haufanani na Tetris hata kidogo: unabadilishana vigae viwili vilivyo jirani, rangi tatu zikikutana zinafutika, na lundo linapanda kutoka chini. Rangi zake zinapendeza. Lakini ukiingia hali isiyo na mwisho, lundo likikaribia juu muziki unabadilika, unakuwa wa hatari, na mimi mabega yananipanda hadi masikioni. Nilikuwa karibu kulifuta, kisha nikafungua sehemu ya mafumbo. Kule vigae vimetulia, unapewa idadi ya hatua, na unatakiwa ufute vyote. Muda haukuhesabiwi. Kwa ajili ya sehemu hiyo pekee limebaki kwenye kadi yangu.

Puzzle Bobble sikulibakiza, ingawa kila orodha ya magemu mepesi inalitaja. Viputo unavyofyatua kwa mzinga ni vya kuvutia, lakini dari linashuka, na ukichelewa kulenga mzinga unajifyatua wenyewe. Ni gemu zuri la mchana.

Kwa wanaotaka kutembea na kuruka, Kirby's Dream Land ya mwaka 1992 ni ya upole kuliko yote niliyojaribu. Masahiro Sakurai alilibuni akiwafikiria wanaoanza, na inaonekana: Kirby anaweza kuelea juu ya karibu kila kikwazo, hatua ni tano tu, na mtu anaweza kulimaliza kwa kikao kimoja. Hapa bado hana ule uwezo wa kunakili maadui aliokuja kupata baadaye. Nimelimaliza mara nyingi na bado muziki wake unanichangamsha. Super Mario World nalo nimeliweka, kwa sababu kila hatua ni fupi. Shida yake ni kwamba halihifadhi baada ya kila hatua, inabidi upite ngome au nyumba ya mizimu kwanza. Emuleta inaliponya hilo kwa kuhifadhi popote ulipo.

Gofu sikuitarajia kabisa. Sijawahi kushika fimbo ya gofu. Lakini Mario Golf ya Game Boy Color, ya 1999, ina kipimo kizuri cha muda: shimo moja ni dakika mbili au tatu, na kati ya shimo na shimo kuna ukimya. Unabonyeza mara tatu, kuanza, kupima nguvu, kupiga, basi. Mtindo huo wa bonyezo tatu ulikuwepo tayari kwenye Golf ya NES ya mwaka 1984, ambayo programu yake iliandikwa na Satoru Iwata, aliyekuja kuwa rais wa Nintendo. Ukiona mipira inakwenda kombo kila mara, angalia kama emuleta inachelewesha vibonyezo. Kwenye RetroArch, programu inayokusanya emuleta nyingi mahali pamoja, kuna mpangilio wa kupunguza ucheleweshaji kwa kukokotoa mapema fremu (picha moja moja) zinazofuata, na kwangu ulileta tofauti iliyoonekana siku hiyohiyo.

Kuhusu kuhifadhi, nina jambo la kuuma la kusimulia. Nilikuwa na shamba kwenye Harvest Moon: Friends of Mineral Town, gemu ambalo linafaa sana kupumzikia kwa sababu ukiingia ndani ya nyumba saa inasimama. Nilikuwa nahifadhi kwa njia mbili, ndani ya gemu lenyewe na kwa emuleta, nikidhani nimejilinda mara mbili. Siku moja nikapakia hifadhi ya zamani ya emuleta kwa bahati mbaya, nikaendelea kucheza bila kuangalia tarehe. Hifadhi ile inarudisha kila kitu, hata kumbukumbu ya ndani ya katriji (kile kipande cha plastiki chenye gemu), kwa hiyo misimu miwili ya kazi ikafutika. Nilihuzunika kweli. Tangu siku hiyo, gemu lenye hifadhi yake natumia hiyo peke yake, na lisilo nayo natumia ya emuleta. Sichanganyi. Na jambo jingine: kadi ya kumbukumbu iliyokuja na kifaa ilianza kupoteza mafaili mwezi wa tatu. Nunua nyingine iliyo bora siku ya kwanza, hamishia vitu vyako, na weka nakala kwenye kompyuta. Magemu yenyewe nimeyatoa kwenye katriji nilizo nazo, na nawashauri wengine wafuate njia halali. Yapo pia mapya yanayotolewa bure na watengenezaji wake, kama µCity ya Game Boy Color, la kujenga mji taratibu.

Usiku sasa naanza na chupa moja ya Dr. Mario, halafu nafungua Super Picross upande wa Wario. Fumbo nililo nalo lina siku ya nne. Kushoto kuna kitu kama mkia, juu kuna duara ambalo halijafunga, na safu ya tisa inakataa kukubaliana na ya kumi. Jana niliangalia kwa muda, nikafuta miraba mitatu, nikazima.