Sarafina!: nimeirudia na binti yangu

Mara ya kwanza niliiona kwenye kibanda umiza huku kwetu Mazimbu, Morogoro. Mkanda ulikuwa umechakaa, picha inarukaruka, na Kiingereza hatukijui. Tulizipenda nyimbo, basi. Juni 16 iliyopita nimeiangalia sebuleni na binti yangu wa kidato cha kwanza, nikaona kwamba zamani sikuwa nimeiona kabisa.

Ni filamu ya 1992 kuhusu wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliokataa kufundishwa kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu, wakajibiwa kwa risasi. Baadhi ya vijana waliokimbia baada ya 1976 walikuja kusoma hapahapa Mazimbu, kwenye shule ya ANC, chama kilichopigania uhuru wa Afrika Kusini, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, mpigania uhuru wao aliyenyongwa 1979 akiwa na miaka 22. Utotoni nilipita karibu na makaburi yao kila siku, na hakuna aliyenieleza.

Leleti Khumalo ndiye Sarafina, msichana anayeongea na picha ya Mandela kama anaongea na baba yake. Whoopi Goldberg ni Mwalimu Mary wa historia. Anaigiza kwa moyo, ila lafudhi ya Kimarekani haimtoki, na mimi ilinitoa Soweto mara kadhaa. Tena kuna mahali wimbo unawahi mno: machozi hayajakauka, watu washaanza kucheza.

Lakini pale kwa askari Sabela! Wanafunzi wanamvamia, anachomwa moto, na Sarafina yumo. Binti yangu alisimamisha filamu. "Baba, si hawa ndio wazuri?" Nikanyamaza. Mtunzi angeweza kabisa kuliruka jambo hilo, watoto wakabaki wasafi, nasi tukalala vizuri. Hakuliruka, na hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu kazi yake.

Halafu Miriam Makeba. Ni mama yake Sarafina, mfanyakazi wa ndani kwa Wazungu, na mwanawe anamwonea aibu. Haonekani sana. Akisimama tu na ile sare yake, unajua ada ya shule ilitoka wapi.

Nyota nne kati ya tano. Watoto wadogo wasubiri kwanza, kwa sababu mateso ya gerezani yanaonyeshwa waziwazi, na hata mimi niligeuza uso. Tulipomaliza, binti yangu aliomba turudishe pale Sarafina anapomkumbatia mama yake. Tukarudisha mara mbili.