Mshipi wa Kuvulia Baharini: Kabla ya Kuuliza Bei, Tazama Ulipotundikwa

Kaskazi iliyopita tulikuwa nje ya mwamba, usawa wa Mayungu, kusini mwa Malindi, mimi na ami yangu, kolekole akashika. Nilimsikia mzito, nikamwachia mshipi, akaenda nao, kisha mkono ukawa mwepesi ghafla. Nikadhani ni mwamba. Nilipovuta, ndoana haipo wala chubwi la kuuzamisha, na mshipi umekatika pima mbili, karibu mita nne, juu ya fundo, mahali pasipoguswa na jiwe wala jino. Mshipi wa wiki tatu! Ami aliupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, akanionyesha ungaunga mweupe uliobaki kwenye ngozi. "Huu ulikufa dukani, mwanangu."

Unene wa mshipi na uzito unaoweza kuuhimili vimeandikwa kwenye roli, sina haja ya kuvirudia. Ninachokuomba uangalie ni jua. Nailoni huliwa na jua polepole, kama tanga linavyopauka, na kwa macho waweza kuuona mshipi mzima kumbe ndani umeshaoza. Pita maduka ya vifaa vya uvuvi hapa Malindi: roli zimetundikwa mlangoni, zinapigwa na jua tangu asubuhi, mwezi baada ya mwezi. Uzito ulioandikwa pale ni wa siku ulipotoka kiwandani.

Kwa hiyo omba roli iliyo ndani ya boksi, rafu ya nyuma. Toa pima moja, piga fundo, lilowanishe kwa mate, zungushia mikono kitambaa, kisha vuta taratibu. Mshipi ulio hai hunyumbuka kabla ya kukatika. Uliokufa hukatika kama njiti. Muuzaji akikukataza kujaribu, mwachie mshipi wake.

Mimi nanunua Berkley Big Game, na sifichi. Ni nailoni inayostahimili kusuguana na matumbawe, inavutika samaki anapokurupuka, na haikwaruzi kiganja. Kwa samaki kama changu na tewa mwambani, ratili 50, yaani karibu kilo 23, zinatosha. Ukirambaza nguru, yaani ukiburura mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda, chukua ratili 80 na utie waya mbele, maana meno yake hukata nailoni yoyote.

Ya pili kwangu ni fluorokaboni, mshipi wa plastiki ya aina nyingine. Haidhuriki na jua kama nailoni, hainywi maji, tena huzama upesi. Lakini ni ghali, kwa hiyo nunua kidogo tu, uunge pima mbili tatu karibu na ndoana.

Uzi wa kusuka kama PowerPro naupa nafasi ya tatu, na si kwa ubaya wake. Ni mwembamba, una nguvu ajabu, ila karibu hauvutiki, na kwa mvuvi wa mkono unapasua vidole kama wembe. Waachie wenye fimbo na gurudumu wanaotafuta sulisuli.

Ile isiyo na jina, ya bei ya chini, mpe mtoto akavulie gatini.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Wapo wanaokata mshipi kutoka roli kubwa, wakauzungusha upya na kubandika karatasi ya "mita 100". Mita 100 ni kama pima 55. Ya kwangu niliipima sebuleni, nikakoma pima 43. Nilipoirudisha niliambiwa kilichouzwa hakirudi. Na kaskazi ikiingia, bahari ikitulia na kila mtu akitaka kutoka, bei ya roli ile ile hupanda. Mvuvi ameshakopa mafuta na barafu, naye ndiye anayeongezewa.

Siku hizi roli zangu nazitia kwenye ndoo yenye mfuniko, chini ya kitanda. Mshipi ukirudi kutoka baharini nausuuza kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, na kuukausha kivulini.

Wiki iliyopita nilipita duka lile lile. Roli bado ziko mlangoni, upande wa jua. Nilimwomba mwenye duka azitie ndani. Akanijibu kuwa zikiwa ndani wateja hawazioni.