Corlea: barabara ya mbao ya mwaka 148 kabla ya Kristo, kwa jicho la seremala

Waswahili tunaoishi Ireland tukipata siku ya mapumziko tunakimbilia Dublin madukani au Galway kupunga upepo wa bahari. Leo naomba niwapeleke kwingine: kituo cha Corlea, jirani na kijiji cha Keenagh, kaunti ya Longford. Usitarajie kasri wala mnara. Kuna ukumbi, na ndani ya ukumbi kipande cha mita 18 cha barabara ya mbao iliyojengwa juu ya kinamasi mwaka 148 kabla ya Kristo. Mimi ni seremala, kazi nilijifunzia Mombasa na sasa naezeka mapaa huku Athlone. Katika nchi hii sijaingia mahali panapoonyesha kazi ya fundi wa mbao waziwazi kama hapa.

Kiingilio ni bure. Kuna maonyesho ya kusoma na kutazama, kuna filamu inayoeleza uchimbaji ulivyofanyika, halafu mwongozaji anakuingiza ukumbini. Msikilizeni mwongozaji. Bila maelezo yake unaweza kuona mbao nyeusi zimepangwa sakafuni ukageuza kurudi, na itakuwa hasara kubwa.

Kwanza muelewe ardhi yenyewe. Katikati ya Ireland pamejaa vinamasi vya mboji. Mboji hiyo ni kuvumwani na mimea mingine iliyokufa ikalala majini bila kuoza sawasawa, kwa kuwa hewa haifiki chini na maji yake yana asidi. Inaongezeka polepole mno, kama milimita moja kwa mwaka, hata ikafika kina cha mita kadhaa. Kwa juu unaona nyasi na rangi ya kahawia, unadhani ni mbuga tu. Ukikanyaga unatitia. Ng'ombe anatitia, na mkokoteni wenye mzigo ndiyo kabisa.

Sasa tazameni walivyofanya. Walilaza magogo ya birchi, mti wa huku wenye gome jeupe, kwa urefu wa njia, mistari miwili sambamba, katikati wakaacha nafasi ya mita moja na ushei. Juu yake wakapanga mbao za mwaloni zikikingama njia, zimebanana, kila ubao mita tatu na zaidi. Ni kama ngazi ndefu iliyolazwa chini, ila vipago vyake havina nafasi. Mbao hizo hazikupasuliwa kwa msumeno. Magogo yalichanwa kwa kufuata nyuzi za mti wenyewe, na anayeijua kazi hii anaelewa faida yake: ubao uliochanwa nyuzi zake zinabaki nzima toka ncha hadi ncha, hivyo unabeba uzito bila kukatika ovyo.

Kwenye ncha za mbao utaona matundu. Usiyapite haraka. Yalitobolewa ili kigingi cha birchi kishindiliwe, kipenye ubao na kuingia kwenye mboji, ubao usiteleze. Hakuna msumari hata mmoja. Nilisimama muda mrefu mbele ya tundu moja ambalo upande mmoja ulikuwa mpana kidogo kuliko mwingine. Mimi nikipiga patasi nikiwa nimechoka, au mkuu wa kazi yuko nyuma yangu ananihimiza, tundu hutoka hivyohivyo. Yule mtu hakuacha jina lake popote, lakini mkono wake nimeuona.

Ule mwaka 148 si wa kukisia. Mwaloni huongeza pete moja kila mwaka, pana mwaka ukiwa mzuri, nyembamba ukiwa mbaya. Wataalamu wa chuo kikuu cha Queen's, Belfast, akiwemo Mike Baillie, walikuwa wameunganisha pete za mialoni mingi hadi wakapata kalenda ndefu ya maelfu ya miaka. Mbao za Corlea zilipopimwa zikaangukia mwishoni mwa 148 au mwanzoni mwa 147. Maana yake miti ilikatwa kwa mkupuo, kwa kazi hii moja. Na si miti michache: inakadiriwa mialoni mikubwa kama 300, mbali na birchi, kwa barabara ya kilomita moja hivi. Nimewahi kusimamia gengi la mafundi, kwa hiyo nilijikuta nahesabu: wa kuangusha, wa kuchana, wa kuburuta, wa kutoboa, na wa kuwapikia wote hao. Ukoo mmoja hauwezi. Lazima alikuwepo mwenye amri juu ya watu wengi.

Mwongozaji atawapa na hadithi ya Midir, mtu wa ngano za kale za Ireland mwenye nguvu za ajabu, ambaye mfalme Eochaid alimwamuru ajenge njia juu ya kinamasi. Watu wa mfalme waliochungulia usiku wakawaona ng'ombe wamefungwa nira mabegani, ilhali wao walizoea kuwafunga kwenye paji la uso, wakaiga. Hadithi ni hadithi, lakini aliyeitunga aliwajua ng'ombe wa mizigo.

Barabara yenyewe haikudumu. Kwa uzito wake ilididimia, pengine ndani ya miaka kumi tu, na hakuna dalili kwamba iliwahi kufanyiwa matengenezo. Hili lilinisumbua moyoni. Sehemu nyingine za vinamasi watu walitandika fito zilizosukwa, nyepesi, na zilifaa. Kwa nini hawa walichagua mwaloni? Jibu langu ni kwamba walitaka magurudumu yapite, na aliyetoa amri alitaka ionekane kuwa ni barabara ya mkubwa. Mboji ikaifunika, na kwa vile chini hakuna hewa, mbao hazikuoza.

Mwaka 1984 zilijitokeza wakati shirika la Bord na Móna likivuna mboji, ambayo nchi hii ilikuwa ikiichoma kupata umeme. Profesa Barry Raftery wa chuo kikuu cha University College Dublin akachimba hapo na kandokando yake hadi 1991, akakuta njia nyingine nyingi za miti. Wenyeji walikuwa wakiiita barabara ya Wadeni, wakidhani ni kazi ya Waviking, wale mabaharia wavamizi kutoka kaskazini. Pete zikaonyesha kuwa ilitangulia Waviking kwa zaidi ya miaka 900.

Ukumbini hewa inawekewa unyevu mfululizo mbao zisipasuke, kwa hiyo msije mkalalamika kuwa mna baridi. Vaeni koti.

Mkitoka, tembeeni njia ya mbao ya siku hizi iliyo nje. Kinamasi cha hapo kimezuiliwa maji yasikimbie, kwa sababu sehemu nyingine ya barabara ya kale bado iko chini na pakikauka itaoza. Tangu 2021 Bord na Móna imetangaza kuacha kabisa kuvuna mboji, na kituo cha umeme cha Lanesborough, kilichokuwa kikiichoma, kilifungwa mwishoni mwa 2020. Mimi nimefurahi sana. Mboji haichomwi tena kwa ajili ya balbu, na mbao zilizobaki zina nafuu ya kulala.

Kwa upande wa safari, ni heri kuwa na gari. Kutoka mji wa Longford ni kama kilomita 15. Majira ya baridi hufungwa, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuondoka. Saa moja inatosha kwa ndani, ongezeni nyingine kwa nje, na wenye watoto wadogo waanze nje ili miguu ichoke kwanza. Mwenye baiskeli anaweza kuunganisha na njia ya kando ya mfereji wa Royal Canal, unaopita Keenagh. Nawapa nyota tano. Fundi wa mbao yeyote akifika Ireland, hapa ndipo nitakapompeleka kwanza, kabla ya Dublin.