TAHADHARI: Muuza "thuja kibete" anayepita na guta hapa Arusha

Jamani nina hasira, na aibu imezidi hasira. Nimeuziwa matawi. Siyo miche. MATAWI.

Mnaijua ile sehemu yangu ya mbele palipokuwa na tangi. Jumamosi asubuhi kapita kijana na guta, vyungu vimepangwa vizuri, kila kimoja kina mti uliochongwa kama pia iliyopinduliwa. Thuja ni mti wa mapambo, ndugu wa saipresi; kibete ni ile aina fupi. "Shikamoo mama. Hizi thuja kibete, hazikupiti kiuno maisha yako yote."

Msinicheke. Angesema "we mwagilia tu" ningemfukuza. Huyu alinipa darasa: udongo usituamishe maji, jua liwepo, na ukipunguza usikate mpaka kwenye matawi ya kahawia ya ndani yasiyo na majani, maana pale mti hauchipui tena. Yote kweli! Akakwaruza gome kwa ukucha, ndani kijani kibichi. Halafu akasema nisiiguse mizizi mwezi mzima, "imechoka na safari mama." Nikamshukuru! Alianzia 60,000 kwa mmoja, akashuka hadi 45,000, nikachukua sita. Piga hesabu mwenyewe. Na soda nilimpa.

Wiki ya tatu kijani kikaanza kuwa kijivu. Nikadhani jua, nikasogeza kivulini. Nikadhani kiu, nikaongeza maji. Wiki ya tano nimegusa tu, majani yakamwagika kama pumba. Nikavuta. Ukachomoka kama kijiti cha mshikaki. Chini umekatwa panga, mshazari, hakuna mzizi hata mmoja! Minne iko hivyo. Miwili ina mizizi, ila ni saipresi ya kawaida ya uzio iliyonyolewa, na juu tayari imetoa vichipukizi virefu. Mti ule unafika mita 30, na juu yangu pale ni waya wa umeme.

Kinachoniuma zaidi, mimi mtoto wa Machame. Kila Desemba tulikata matawi ya saipresi tukayachomeka kwenye ndoo ya mchanga, Krismasi inapita, mwaka mpya unapita, bado ya kijani. Nilijua kabisa!

Huyu afungwe. Kabla ya kufungwa arudishe hela mbele ya wamama wote aliowaliza, halafu apewe panga lake lile lile afyeke mtaro wa mtaa mzima. Balozi nimeshamwambia. Namba ya simu aliyoniachia haipatikani.

Haya, mnaouliza utamjuaje: geuza chungu uone kama mizizi inachungulia kwenye matundu ya chini. Shika shina, livute kidogo. Kibete halisi hukua sentimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo mtu mwenye sita zinazolingana, kimo cha kiuno, na bei inayoshuka kabla hujamaliza kulalamika... Akikukataza kuvuta, mfungulie geti atoke.

Na kama ulinunua kwake mwezi huu, acha kusoma, nenda kavute mmoja sasa hivi.