Studio ya chumba kimoja Mwanga: sauti safi, miksi ya kubahatisha

Anayetafuta biti la kuchezesha harusi asijisumbue kuja hapa. Studio hii, ndani ndani ya Mwanga mjini Kigoma, inamfaa mwimbaji mwenye wimbo anaoonea haya kuuimba mbele za watu. Saa tatu za kuingiza sauti ni shilingi 40,000. Biti na miksi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti na biti, mnapatana.

Kazi huanzia kwenye mistari, maiki ikiwa bado imezimwa. Prodyuza humtaka msanii ayasome maneno kama anayezungumza, bila biti, huku akikata kila mstari ambao mtu yeyote angeweza kuuimba. "Moyo unaniuma" unakatwa. "Bado napakua sahani mbili" unabaki, maana humo mna jiko, mna mtu aliyeondoka, na aibu ya aliyebaki haikufunikwa. Beti mbili zinaweza kubaki mistari mitano. Wengi hununa hapo.

Wapambe hutolewa nje kabla ya kurekodi, na ni sahihi kabisa: mbele ya wenzake mwimbaji huanza kuonyesha ufundi wa koo badala ya kusema jambo lake. Maiki ni ya kondensa, inayotaka volti 48 kutoka kwenye saundi kadi, kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta, na hunasa hata mate yakimezwa. Simama sentimita 15 hadi 20, kichujio cha pumzi kikiwa katikati. Ukiisogelea hadi sentimita tano besi inavimba na mnong'ono unageuka ngurumo. Kilele cha sauti kiachwe kwenye -10 dB hivi, chini ya 0 ambapo sauti hupasuka, kwa sababu mwenye uchungu hupanda ghafla. Sauti iliyokwaruza kooni inaweza kuwa ndiyo roho ya wimbo, lakini iliyopasuka kwenye kompyuta haina dawa.

Teki, yaani mara za kurekodi wimbo uleule, hazizidi nne. Ya kwanza huwa na woga, ya pili na ya tatu ndizo hutumika mara nyingi. Baada ya hapo mtu anaanza kuuigiza uchungu alioutoa kweli dakika kumi zilizopita. Prodyuza haungi neno moja moja kutoka teki tofauti. Huunga mstari mzima, akikata penye pumzi, la sivyo unasikia mtu anavuta hewa mara mbili bila kuitoa.

Auto-Tune, programu ya kunyoosha noti zilizokosewa, ipo, ila kwa kiasi. Kasi ya kusahihisha ikiwa 0, noti hunyooka papo hapo na kutoa ile sauti ya roboti ambayo mwimbaji wa Marekani Cher aliivumisha mwaka 1998. Hapa huwekwa kati ya 40 na 60, na neno linalotetemeka halisahihishwi kabisa.

Tatizo ni kwamba wakati mwingine uzembe nao unapewa jina la uhalisia. Kiitikio kikimshinda mwimbaji kwa sababu ufunguo wa wimbo, yaani kimo cha noti zake, uko juu, dawa ni kuushusha nusu toni mbili na kurudia, si kumsifu kwamba ameimba kwa hisia. Kujianika kuna namna yake, na watu wa Kigoma wanajua: dagaa wa kwenye chanja na dagaa wa mchangani wamekaushwa na jua moja, ila hawa wa mchangani utatafuna changarawe.

Paa ni bati tupu, hivyo masika panga kwenda siku kavu. Miksi nayo hafifu: kompresa, ile inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, inabanwa mno, na mlio wa feni unapanda pamoja na mnong'ono. Feni izimwe wakati wa teki hata kama jasho linatiririka. Usikubali kuondoka na MP3 peke yake. Omba faili za WAV, zisizobanwa kama MP3, za 24-bit, kila sauti peke yake na zote zianzie sekunde ya 0, uzipeleke kwa fundi mwingine wa miksi.

Jambo la mwisho, maiki haizimwi kati ya teki. Yale mnayozungumza mkijiandaa, majina ya watu yakiwemo, yote yanarekodiwa. Kabla ya kulipa, dai yafutwe ukiona, hadi kwenye kapu la taka la kompyuta.