Oili sili ya shafti ya sproketi: ya buku mbili iliniangusha, hii ya elfu sita imetulia

Pikipiki yangu ni hizi za Kichina cc 125, injini ya mtindo wa Honda CG, sasa kwa wiki kama tatu ilikuwa inachuruza oili kushoto pale kwenye sproketi ndogo, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, asubuhi nakuta tone chini na cheni imeshika tope jeusi. Sili ya shafti, yaani ile pete ya raba inayozuia oili isitoke pale shafti inapotokeza nje ya injini, imekwisha. Nimeibadilisha mwenyewe nyumbani mara mbili, ya kwanza haikumaliza wiki, ya pili ina kilomita zaidi ya 2,000 na haijatoa hata unyevu, kwa hiyo nazisema zote mbili.

Ya kwanza nilichukua Kariakoo kwa 2,000, zimetungwa kwenye waya kama mtungo wa samaki. Nilipofika home nikaona mdomo wa raba umebonyea pale waya ulipokuwa unapita, na springi ile nyembamba ya ndani ukiigusa inachomoka, nikaifunga hivyo hivyo kwa sababu kesho yake nilikuwa na safari. Na niliisukuma kavu kavu juu ya meno ya shafti. Siku ya nne oili hiyoo. Kuitoa nakuta mdomo una mkato kama wa wembe, na upande mwingine umejikunja kwa ndani. Kwa hiyo spea ilikuwa mbovu kweli lakini hata ingekuwa nzima ningeiua kwa namna nilivyoifunga, na hapa ndipo wengi tunapoumia halafu tunanunua nyingine tunarudia yale yale.

Ya pili ni NOK, kampuni ya Kijapani, ya pakiti, 6,000 duka jingine. Kijana wa pale nampa maua yake. Kabla hata ya kutaja bei akaniuliza, "Bro umekuja na ile ya zamani?" nikampa, akaifuta na kitambaa ikasomeka 20x34x7, akaniambia ni milimita, 20 ni shafti, 34 ni tundu la kwenye injini, 7 ni unene, "ukikosea moja tu kaka utarudi." Akapima na venia, kile kipimo cha chuma chenye taya, kuhakikisha. Akanifungulia pakiti niangalie mwenyewe, mdomo laini, ukiukunja kidogo na kidole unarudi, springi imekaa kwenye mfereji wake. Nawe usilipe kwa kuamini pakiti, fungua uone.

Kufunga sasa, na safari hii sikukimbia. Nikaosha kwanza eneo lote kwa mafuta ya taa na brashi, maana mchanga ukiingia ndani umejitafutia kazi nyingine. Pikipiki nikailaza kidogo kulia oili isimwagike. Ya zamani usiichimbe na bisibisi ukiegemea kwenye shafti, ukiacha mkwaruzo pale mdomo unapokaa hata sili ya dhahabu itavuja. Mimi nilitoboa kitundu kidogo kwenye bati la sili yenyewe, nikazungushia skrubu nikavuta na koleo, ikatoka. Ila toboa juu juu tu, nyuma yake kuna bearingi.

Kitu kilichoniokoa ni nailoni. Yale meno ya shafti ni makali, ndiyo yalinikatia ile ya kwanza, nikayafunika na kipande cha mfuko laini nikakivuta kikabana, nikapaka oili safi juu yake na kwenye mdomo wa sili, ikateleza mpaka ndani bila kukwama, halafu nikachomoa nailoni taratibu. Upande wenye springi unaangalia ndani ya injini, wenye maandishi unabaki nje. Kuigonga nilitumia soketi yenye upana karibu sawa na sili, kwa nyundo ndogo, gonga kidogo uangalie, gonga kidogo uangalie, ikianza kwenda upande simama uinyooshe kwanza. Ikilingana na ukingo wa tundu acha, usiizamishe.

Nilichukua kama saa moja na nusu. Bei mara tatu ya ile nyingine inauma kwa mtu wa bodaboda, najua, lakini ile ya 2,000 ilinila na oili pia, na oili ya injini hii ni karibu lita nzima.

Halafu cheki mpira wa kupumulia wa injini. Wangu ulikuwa umeziba tope, na ukiziba presha inatafuta pa kutokea, inasukuma hizi sili. Cheni nayo usiikaze kama waya wa kuanikia nguo, iache icheze sentimita 2 hadi 3, ikibana sana inavuta shafti upande mmoja na sili inalika.

Wiki ijayo narudi kwa yule kijana kuchukua ya shafti ya gia, iko jirani pale pale na naona imeanza kulowa.